Historia ya Bi Subiri, Kama Ilivyoandikwa na Msomaji Wake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutufariji, familia inawaomba mkae, wazee wapewe viti vya kivulini, na walio nyuma wasogee kidogo kwa sababu kipaza sauti hiki kinakatika-katika. Historia ya dada yetu inasomwa na mdogo wake wa mwisho, fundi umeme mstaafu, lakini hakuiandika yeye. Imeandikwa na fundi cherehani aliyekaa pale mstari wa tatu, mwenye shati la kijivu, ambaye si ndugu wa damu, si jirani, wala hakuwahi kufanya kazi na marehemu, ni msomaji wa vitabu vyake, basi. Familia ndiyo iliyomwomba, maana juzi tulipokaa kuandika tuligundua kwamba sisi tunajua marehemu alipenda chai ya namna gani, ila hatujui vizuri aliandika nini. Alikubali kwa sharti kwamba asome mwingine, kwa kuwa sauti yake hana imani nayo, na humu ndani amejiita fundi tu, ili neno mimi lisiingie kwenye msiba ambao mwenyewe anasema hajui kama ni wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe aliyekuwa mkunga. Mama yetu, ambaye alizalisha nusu ya mtaa ule, alikuwa akisema kwamba huyu ndiye mtoto pekee aliyemwona akizaliwa halafu akanyamaza na kutega sikio kabla ya kulia, jambo ambalo sisi wengine tulilisikia mara nyingi mpaka tukaanza kumwonea wivu.

Mwaka 1958 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli, akamaliza mwaka 1965, kisha akajiunga na shule ya sekondari ya wasichana, akahitimu mwezi Novemba 1969. Hakuwa hodari wa hesabu, na daftari lake la hesabu lilikuwa na hesabu kurasa za mbele na visa vya watu kurasa za nyuma, mpaka siku moja mwalimu alipoligeuza, akasoma visa vyote hadi kengele ikagonga, akampa adhabu ya kufagia darasa wiki nzima, na daftari hakulirudisha.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa opereta katika ofisi ya simu, akakalia kiti cha tatu kutoka mlangoni kwa miaka kumi na tisa. Kwa faida ya vijana, kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya ubao wenye matundu mengi na taa ndogo ndogo, mtu akiinua simu kwake taa inawaka, opereta anachomeka waya, anauliza unamtaka nani, anachomeka waya wa pili kwenye tundu la huyo anayetakiwa, ndipo watu wawili wasioonana wanaanza kusemezana. Maneno aliyoyasema zaidi kuliko yote ni subiri kidogo, naunganisha, aliyasema mara mamia kwa siku, na wenzake wakamwita Subiri, mtaa ukadakia, mwishowe jina hilo likaenda mpaka kwenye majalada ya vitabu, hata leo wengi wenu mmekuja kumzika Bi Subiri na lile jina lililo kwenye cheti mmelisikia kwa mara ya kwanza getini. Kanuni ya kazi ilikataza opereta kusikiliza mazungumzo ya watu, na alipoulizwa na mwandishi mmoja wa gazeti alijifunzia wapi kuandika watu wanavyoongea, alijibu kwamba serikali ilimlipa miaka kumi na tisa ili asisikilize, akajitahidi sana, akashindwa.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na mpima ardhi ambaye kila Alhamisi alikuwa akipiga simu kutoka porini kuripoti ofisini kwake, na ofisi ilipokuwa haipokei, ikawa wanazungumza wao wawili, mpaka ikafika mahali mpima ardhi akawa anaomba ofisi isipokee. Walijaliwa binti, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1979, ambaye leo ni mfamasia na amekaa hapa mbele yetu, na mtoto wa kiume, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1984 na kuishi siku kumi na moja. Mumewe alimtangulia tarehe 11 Aprili 2003, kwa maradhi ya moyo.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwezi Oktoba 1981, akiwa bado kwenye kiti chake cha tatu, na baada ya ofisi kuleta mitambo inayojiunganisha yenyewe mwaka 1989, na maopereta wote kushukuriwa kwa hotuba na kurudishwa majumbani, aliandika bila kazi nyingine. Kwa jumla ameacha riwaya saba na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, alipewa tuzo mbili, akatafsiriwa katika lugha ambazo mwenyewe hakuweza kuzisoma, na vitabu vyake viwili vimefundishwa shuleni, ndiyo maana wapo hapa watu waliomchukia walipokuwa wanafunzi na kumpenda walipokuwa wazazi.

Hapa ndipo anapoingia fundi. Mwaka 1986 alikuwa kijana mwenye cherehani moja ya kukanyaga, chumba kimoja cha kukodi chenye mlango unaofunguka barabarani, na mteja mmoja, karani, aliyeleta koti kupunguzwa kiuno na kusahau kitabu kwenye mfuko wa ndani. Fundi hakuwa mtu wa vitabu, alikisoma kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuja, akaanza asubuhi, na kufikia jioni chakula chake kilikuwa bado kimefunikwa, na koti la watu halijaguswa. Humo ndani mlikuwa na mshonaji aliyeandikwa vizuri, mpaka pini anazobana mdomoni anapoongea, lakini ukurasa wa themanini na nane mshonaji huyo alifunga bitana ya koti kwanza, akashona pande zote, ndipo akaingiza mikono. Kosa hilo lilimkera fundi siku mbili nzima, kama mtu unayempenda anapotoka nje na kifungo kimepishana, na tarehe 5 Mei 1986, kwa mara ya kwanza maishani, akamwandikia barua mtu asiyemjua, akamweleza kwa heshima zote kwamba ukishafunga bitana mikono haina pa kuingilia.

Jumamosi ya tarehe 24 Mei alikuja mwanamke mfupi mwenye miwani, akakaa kwenye benchi la wateja, na alipoulizwa ameleta nini akasema hakuleta kitu.

“Mimi ndiye niliyeshona lile koti vibaya,” alisema. “Nionyeshe linavyoshonwa.”

Fundi alidhani ni mteja wa duka jingine amepotea njia, akaanza kumwelekeza, kisha akaelewa, akasimama, na futi iliyokuwa shingoni ikaanguka chini. Mgeni alikaa pale kwa saa tatu, anauliza, anashika, anaandika kwenye daftari dogo, akataka kujua kila kitu kinaitwaje na kwa nini, na kitabu kilipochapwa mara ya pili ukurasa wa themanini na nane ulikuwa umenyooka.

Tangu hapo ni miaka thelathini na saba. Barua ambazo marehemu alimwandikia fundi ni sitini na moja, nyingi ni maswali, kama vile kitambaa cha sare kinachakaa wapi kwanza, au mtu aliyekonda ghafla nguo zake zinasemaje, na fundi alijibu zote, ingawa nyingine zilimtaka akawaulize mafundi wenzake mpaka wakaanza kumcheka kwamba amepata kazi serikalini. Fundi alimwita dada, naye akamwita mdogo wangu, binti wa marehemu alipokua akamwita mjomba, na kwa kuwa mjomba wa damu alikuwepo tayari, ikawa nyumbani pana mjomba umeme na mjomba kitambaa. Kitu kimoja marehemu hakumfanyia kamwe, hakumwambia hadithi kabla haijachapwa. Fundi alisubiri kila kitabu dukani kama watu wengine, na alikiona kuwa ni haki.

Tarehe 14 Juni 2023, siku ya Jumatano, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa mezani kwake. Jirani yake wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia saa tano asubuhi kumletea maziwa kama kawaida, akamkuta sakafuni, na ilionekana ameanguka tangu saa mbili. Jirani alisikia kishindo saa mbili, akadhani ni kiti. Familia inajua kwamba mwalimu hajalala vizuri tangu siku hiyo, na mbele yenu wote inamwambia, mwalimu, hata sisi tungedhani ni kiti.

Alilazwa, upande wa kulia haukufanya kazi tena, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, ambayo hakuna hapa anayeweza kuyahesabu, lilibaki moja. Neno hilo lilikuwa halafu. Akitaka maji alisema halafu, mto ukimuumiza shingo alisema halafu, binti yake aliposhuka kwenye ndege na kumkumbatia, mama alimshika uso kwa mkono wa kushoto akasema halafu, halafu, halafu. Daktari alieleza kwamba anaelewa karibu kila anachoambiwa, ila njia ya kutokea imefungwa, akasema ni kama simu inayopokea lakini haipigi. Alichagua mfano huo kwa wema, bila kujua mgonjwa alikuwa nani, na fundi aliyekuwa amesimama pembeni alilazimika kutoka nje, akasimama kwenye korido.

Mwezi Julai binti aligundua kwamba mama yake hutulia anaposomewa, akamwomba mjomba kitambaa aje saa za kuona wagonjwa. Fundi akawa anafunga duka saa tisa alasiri, anakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya vitanda viwili, anasoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama muuza mkaa aliyevunjika nyonga, alianza kwa kulalamika juu ya kelele na akaishia kuwanyamazisha manesi. Fundi alisoma vitabu vya marehemu mwenyewe, na marehemu alisikiliza macho yakiwa darini, pengine anatabasamu kabla kichekesho hakijafika, na kuna mistari ambayo aliikunjia uso, fundi akajua kwamba angeifuta.

Mwanzoni mwa Septemba vitabu vilikwisha, ndipo binti akaleta bahasha ya kaki aliyoikuta kwenye meza ya mama yake siku aliyofika. Ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili zilizoandikwa kwa mkono, riwaya ya nane. Ilimhusu mwanamke anayetunza mizigo iliyoachwa stesheni, ambaye kwa miaka ishirini amekaa na sanduku moja lisilokuja kudaiwa, kila mwaka anatakiwa na kanuni alitupe na kila mwaka analiandika upya kama limeletwa jana. Fundi alisoma kwa siku sita. Hakuwahi kusoma kitu kizuri namna ile, anasema hivyo bila kuongeza chumvi, na alisahau kabisa mahali alipo, mpaka siku ya sita, Jumatatu ya tarehe 11, alipofika ukurasa wa mwisho, mwenye sanduku anaingia, mzee sasa, anaweka stakabadhi juu ya kaunta, anamtazama yule mwanamke, na maandishi yanasema, akafungua kinywa, akasema. Baada ya neno akasema hapakuwa na kitu, wino uliteleza kidogo kulia, ukaisha.

Fundi aligeuza ukurasa, ukawa mweupe. Alipoinua macho, marehemu alikuwa ameshayatoa macho yake darini, anamtazama yeye.

“Halafu?” akasema.

Fundi hakujua ameambiwa nini. Angeweza kuwa anataka maji, au mguu umekufa ganzi. Alimpa maji, akayakataa, alimnyoosha mguu, marehemu akamshika mkono kwa ule wake mzima, kwa nguvu ambayo hakutarajia, akasema tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

“Sijui, dada,” fundi alisema. “Wewe ndiye unayejua.”

Mama muuza mkaa aligeukia ukutani. Marehemu hakumwachia mkono mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipogonga.

Siku zilizofuata fundi alijaribu. Huku anashona sare za shule alitunga miisho kichwani, yeye ambaye hajawahi kutunga hata risala ya harusi, na kila alasiri alikwenda na mmoja. Alisema mzee amekuja kuchukua sanduku na kushukuru, na marehemu akamtazama jinsi mteja anavyoitazama suruali iliyopinda. Alisema wawili wale walioana, marehemu akafumba macho. Alisema sanduku lilikuwa tupu, na hapo marehemu alicheka, kicheko cha kweli, cha upande mmoja wa uso, lakini alipomaliza kucheka alisema halafu. Binti alijaribu pia, akidhani damu itasaidia, ikawa vile vile. Walimwekea kalamu katika mkono wa kushoto, ikachora mistari, akaisukuma ikaanguka chini. Fundi anakiri kwamba jioni moja, akitoka wodini, aliona hasira, hasira juu ya mtu mgonjwa kitandani, kwa kuwa ameacha mambo vile, na hasira hiyo hakumwambia mtu mpaka alipoiandika hapa.

Jumatatu tarehe 18 Septemba hakwenda na mwisho wowote. Alikaa, akamweleza marehemu kwamba ameshindwa, kwamba mafundi wenzake aliowauliza wameshindwa, kwamba hata msomi wa chuo kikuu aliyepigiwa simu na binti ameshindwa, hakuna atakayejua, wataishi hivyo hivyo. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno lake, safari hii bila kuuliza, kwa sauti ndogo. Fundi alimpa maji. Akanywa kidogo. Kwa hiyo fundi ameamua kwamba yalikuwa maji, na kama hayakuwa maji hana namna ya kujua.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 19 Septemba 2023, saa nne na robo asubuhi, binti yake akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Simu ilimfikia fundi akiwa katikati ya pindo la sketi. Aliendelea kulishona pindo lile mpaka mwisho, akakata uzi, akapiga pasi, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya, halafu akamwambia mwanafunzi wake kwamba Bi Subiri amefariki, na mwanafunzi huyo akamuuliza, pole fundi, kwani ni ndugu yako? Siku nzima redio ilisema kwamba taifa limepoteza hazina, na waliosema walikuwa na vyeo, na fundi alisikiliza akitafuta katika maneno yale mtu aliyekaa kwenye benchi lake akishika kitambaa, asimpate. Mjane anaitwa mjane, yatima anaitwa yatima, lakini aliyefiwa na mwandishi hana jina, hapewi likizo, hakuna anayemletea pole, na ukimweleza mtu kwamba umesoma ukurasa wa themanini na nane mara arobaini, atakutazama tu.

Jambo la mwisho ambalo familia imetaka liingie humu ni kuhusu ile bahasha. Mchapishaji alifika nyumbani Jumatano, akasema kwa unyenyekevu kwamba wapo waandishi wazuri wanaoweza kuimalizia, na binti akamgeukia fundi, kwa kuwa ndiye aliyeisoma. Fundi alisema hajui lililo sahihi, ila miisho ya wengine ameijaribu na mwandishi mwenyewe alikuwepo, na aliikataa yote. Kwa hiyo riwaya itachapwa ilivyo, hadi neno akasema. Watakuwepo watakaokasirika wakifika pale, na fundi naye ni mmoja wao.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanawake, hasa yule nesi wa zamu ya mchana aliyejifunza kuzitofautisha halafu kumi na mbili, na akapatia nyingi kuliko sisi. Inawashukuru majirani, na kwa namna ya pekee mwalimu wa ukuta mmoja, pamoja na maopereta wanne wa zamani waliokuja na fimbo zao na kukaa mstari wa mbele. Inamshukuru mama muuza mkaa, ambaye bado yuko wodini na ametuma salamu. Inawashukuru wasomaji, mliotoka mbali bila kualikwa na mtu, mkasimama nyuma kwa kudhani mbele ni pa ndugu. Na inamwomba fundi atoke mstari wa tatu aje akae huku, kiti kipo.

Dada, tulikuwa wengi kando yako na hakuna aliyeweza kukufanyia kitu. Utusamehe kwa hilo, upumzike kwa amani.